Kazi ya Kunyoosha Kidole

Sikumpenda Sista tangu asubuhi ya kwanza, na sioni haja ya kujitia utakatifu sasa. Alifika gatini kabla yetu sote, viatu vya mpira vimesuguliwa, kisanduku cha dawa kwapani, akatuuliza mmoja mmoja kama tumekunywa chai. Watu wa namna hiyo nawajua, nimezunguka nikiwauzia bima miaka kumi na minne. Hawanunui, ila watakuuliza mbona umekonda.

Tulikuwa wanagenzi wanane tukigombea nafasi saba za mbio za kuvuka bahari. Mbio zenyewe ni za watu wa ridhaa, mashua ya matanga, siku ishirini na moja bila kuona nchi kavu. Nahodha aliyetufunza alikuwa na sauti ya msumeno na hakumwita mtu kwa jina. Mwalimu wa jiografia alimwita Ramani, mwenye duka akawa Gunia, mimi Bima. Kufikia siku ya tano, sita walikuwa wameshapita. Tulibaki mimi na Sista, na nafasi moja. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia ofisi nzima na ukweni kote kwamba navuka bahari. Ningerudi na uso gani?

Sista alikuwa amestaafu uuguzi baada ya miaka thelathini na miwili, mingi kati ya hiyo katika wodi ya majeruhi. Mumewe alikwisha kufariki. Binti yake alimleta gatini kila siku akiwa amenuna.

"Mama, umri huo bahari unaitakia nini?" alimwambia siku moja mbele yetu. "Wajukuu wako nyumbani."

Sista alicheka tu. Mchana ule, tukila, aliniambia mimi, sijui kwa nini alinichagua mimi: "Baba, miaka yote nimekwenda kila nilipoitwa. Nimeitwa nikiwa chooni. Nimeitwa kwenye matanga ya mume wangu. Safari hii moja nataka niende kwa sababu nimetaka mwenyewe."

Nilibeba sahani yangu nikahamia upande wa pili.

Zoezi lililomshinda lilikuwa la mtu kuanguka baharini. Nahodha alitupa majini ovaroli kuukuu lililojazwa madumu matupu, tuliloliita Marehemu. Anayeliona kwanza hupiga kelele, na kuanzia hapo kazi yake ni moja: kulinyooshea kidole na kulikazia macho mpaka litolewe. Hashiki kamba, hapangusi hata pua. Mashua hugeuzwa kufuata kidole chake, kwa sababu kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ni kitu kidogo mno, ukigeuka kidogo tu hukioni tena.

Siku ya nne Sista alinyoosha kidole vizuri kabisa. Kisha boriti ya tanga ikampiga Gunia usoni, akalia, "Mama yangu!" Kabla hatujajua kuna nini, Sista alikuwa amepiga magoti kando yake na pamba mkononi. Marehemu tulimtafuta nusu saa.

"Umeua mtu," Nahodha akamwambia.

"Lakini huyu anatoka damu."

"Huyu yuko ndani ya mashua! Atoke damu mpaka jioni, shauri yake. Wa majini ndiye anayekufa. Sista gani wewe?"

Akanywea. Mazoea yana taabu, na miguu yake ilikuwa imezoea kukimbilia kilio. Nilimwona akifuta macho kwa kiwiko, nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Siku ya mwisho Nahodha alikata maneno. Zoezi moja tu. Sista asipompoteza Marehemu, nafasi ni yake. Akimpoteza, ni ya Bima.

Upepo ulikuwa umekaza. Marehemu akatupwa, Sista akapaza sauti, akasimama miguu imepanuka, kidole mbele. Nahodha alimchokoza kusudi: "We bibi, hebu geuka huku nikwambie!" Hakugeuka. Maji yakamrukia usoni, hakujipangusa. Mashua ikazunguka, ikaanza kumkaribia Marehemu. Mimi nilikuwa kwenye winchi ya kukazia kamba, Ramani hatua mbili nyuma yangu, na niliona wazi kwamba mwanamke huyu anapita.

Nikapiga yowe. "Kidole! Sista, kidole changu kimekatika!"

Akaja. Alinishika mkono, akanikunjua vidole kimoja kimoja, akabonyeza kila pingili. Vyote vitano vizima, hata mkwaruzo hakuna. Akainua uso akanitazama. Nyuma yake Nahodha alikuwa anafoka, "Yuko wapi? Marehemu yuko wapi?" na wenzetu wakayakodolea macho mawimbi matupu.

Nilingoja aniumbue. Badala yake alifungua kisanduku, akatoa bandeji, akanifunga kidole kizima, akaikaza mpaka kikafa ganzi.

"Usiifungue mbele za watu," akaniambia taratibu. "Utaaibika."

Gatini binti yake alimpokea akitabasamu, mara ya kwanza tangu tuanze. Akamchukulia kisanduku. "Twende mama, watoto wanakuita." Sista akaenda.

Bandeji nilikaa nayo siku nne. Ofisini walinipongeza, shemeji zangu wakanipigia simu, mke wangu akanionyesha kwa majirani kama kabati jipya.

Tunaondoka Jumamosi. Jana Nahodha alitusomea zamu, na kila mtu akapangiwa mwenzake, yule atakayemnyooshea kidole iwapo ataanguka. Wangu ni Ramani. Siku ile alikuwa hatua mbili nyuma yangu, na aliiona winchi ikiwa imesimama na mkono wangu ukiwa mbali nayo. Hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo hajanisemesha, hata salamu haitikii.

Nilimfuata Nahodha nikamwomba anibadilishie mtu. Akaniuliza sababu.

Nikamwambia basi, hakuna neno, aache tu ilivyo.