Kitufe cha Mjomba

Kazi yangu ni kukodisha muziki, yaani spika, maiki na mixa, na duka langu liko Majengo, Sumbawanga mjini. Nikifika ukumbini na mizigo yangu, swali la kwanza ni lile lile: "Dada, fundi mitambo yuko wapi?" Zamani nilikuwa naeleza. Siku hizi naitikia tu, "Anakuja," naendelea kuchomeka waya zangu, na wao wanaendelea kumsubiri.

Nina hasira za karibu, sikatai. Lakini mchukue mtu mpole kuliko wote unaomjua, mwambie aunganishe bendi ya parokia yetu, halafu muonane jioni. Mpiga besi anataka asikike mpaka Kaengesa. Mpiga kinanda analalamika kwamba waimbaji wanamfunika. Waimbaji wanalalamika kwamba ngoma zinawafunika. Mpiga ngoma hasikii malalamiko ya mtu, yeye anapiga tu. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na ngozi yenyewe ni mimi.

Kwa asiyeijua mixa, ni kama meza iliyojaa vitufe. Kila chombo kina tundu lake la kuchomeka waya, na kina kitufe chake cha kusukuma: ukipeleka juu sauti inapanda, ukishusha mpaka chini sauti inakufa. Mimi hubandika plasta nyeupe chini ya kila kitufe na kuandika kwa kalamu nene: BESI, KINANDA, NGOMA, MC. Hapo hata nikipandwa na hasira mkono haukosei.

Tatizo langu kubwa lilikuwa mjomba. Huyu ni kaka wa mama yetu, na ndiye anayepiga gitaa la solo kwenye bendi. Mpiga besi naweza kumfokea, tumesoma naye. Mjomba utamfokeaje? Unamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, halafu anainama sikioni kwako: "Mpwa wangu, niongezee kidogo." Unamwongezea. Wimbo haujafika katikati, karudi. "Kidogo tu, mama." Na ukigeuza shingo anasukuma mwenyewe. Jumapili moja alisukuma mpaka spika zikalia mluzi katikati ya ibada, padre akaziba masikio kwa mikono yote miwili, na waumini wote wakanigeukia mimi.

Nikamtafutia dawa. Nilichukua kitufe kimoja ambacho hakijaunganishwa na kitu chochote, nikakiandika SOLO. Gitaa lake lenyewe nikalichomeka tundu la pembeni kabisa, nikaandika AKIBA. Nikamwambia, "Mjomba, hiki ni chako peke yako. Ukiona sauti ndogo, sukuma bila kuniuliza." Jamani, amani niliyoipata! Kila ikikaribia zamu yake anasukuma kitufe, anainamisha kichwa kusikiliza, anasema, "Eeeh, hapo sasa!" Na kweli anapiga vizuri zaidi. Bendi nzima wanajua, isipokuwa yeye.

Sasa ikaja sendofu ya mdogo wangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi.

Mdogo wangu alikuwa anaolewa na kijana wa familia ya Wasukuma, wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kule chini, bonde la Rukwa. Kijana mwenyewe hana neno. Shida ilikuwa Bibi, mama wa mama yetu, anayeishi Pito na mashamba yake ya mahindi na ulezi. Mdogo wangu kalelewa na Bibi tangu hajaanza shule, kalala kwake mpaka ukubwani. Na tangu siku kijana alipoletwa kutambulishwa, Bibi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Ukimuuliza kuhusu harusi anajibu, "Ulezi bado haujapurwa." Ukapurwa. Akasema, "Ghala linavuja."

Mdogo wangu alikonda. Alinijia dukani akakaa juu ya spika, akaniambia, "Dada, mahari imepokelewa, padre ameshatangaza, kila mtu amefurahi. Lakini Bibi asiponipa hata neno moja, mimi naondokaje?"

Nikamwambia, "Atasema. Na akisema, hata akinong'ona, nitahakikisha umemsikia." Mdomo wangu huu, huwa unaahidi kabla kichwa hakijaulizwa.

Sendofu ilifanyika mchana, maana wageni walitaka kuteremka mlima kabla ya giza. Baridi ilikuwa ya kwetu ile, wageni wa bondeni wakawa wanatetemeka ndani ya suti zao, na mimi vidole vimekufa ganzi nachomeka jeki za waya kwa kubahatisha. Nikamaliza: ngoma, besi, kinanda, waimbaji, MC, na lile gitaa la AKIBA. Ndipo kamati wakanikumbusha kwamba kwenye ratiba kuna "neno la Bibi", kwa hiyo iwekwe maiki mezani kwake. Bibi alipoiona nimeishika akaisukuma kwa mgongo wa mkono. "Mimi siongei na chuma."

Nikajibu, "Haya, Bibi, naiondoa," nikaichomeka katikati ya maua ya plastiki mbele yake. Nikarudi kwenye mixa kutafuta tundu la kuiunganisha. Yote yamejaa. Limebaki moja tu, la SOLO. Nikachomeka hapo, nikaifungulia nguvu mpaka mwisho kwa sababu sauti ya Bibi ni ndogo, nikashusha kitufe chini kabisa. Nikajisemea: sitoki hapa, akifungua mdomo napandisha.

MC akamwita Bibi. Bibi akatikisa kichwa. MC akambembeleza, akamsifia, akaomba makofi ya kumtia moyo. Bibi akaangalia dari. Mdogo wangu alikuwa amesimama na shela lake, anamtazama Bibi kama mtoto aliyesahaulika shuleni, na mimi roho ikaniuma mpaka nikatamani kulia. MC akasema tuendelee na keki.

Bendi ikaanza kupiga taratibu. Mdogo wangu akaanza kuwalisha wazee keki, mmoja mmoja, kwa kupiga magoti. Na MC, mtu mwenye maneno mengi kuliko betri zake, akaanza kunipungia mkono kutoka upande wa pili: maiki yake imezima. Nikaenda kumbadilishia. Nilikuwa naondoka kidogo tu.

Mdogo wangu akapiga magoti mbele ya Bibi. Muda huo huo, mjomba akaona zamu yake inakaribia. Akanyoosha mkono, akasukuma kitufe chake mpaka juu.

Spika zililia mluzi mfupi, halafu ikatoka sauti ya Bibi, kubwa, karibu, kama amekaa mapajani mwa kila mtu. Alikuwa anaongea Kiswahili, kama alivyomzoeza mdogo wangu tangu aanze shule.

"...mimi kijana wako sijamkataa. Ana adabu. Nimewakataa hawa watu wa kamati. Wanataka nisimame niseme, nenda ukavumilie. Mimi niliambiwa hivyo. Mama yangu aliniambia mlango umefungwa, ukavumilie. Nikavumilia mambo ambayo hata mbwa asingevumilia."

Bendi ikanyamaza, chombo kimoja kimoja. Mjomba aliitazama mikono yake, akalitazama gitaa, akaitazama spika. Bibi hajui kitu. Masikio yake siku hizi ni mazito, na mbele yake ana mjukuu tu.

"Kwa hiyo sikiliza. Wakikutesa, rudi. Usingoje kuitwa, usingoje nauli, rudi. Kitanda chako sikitandui. Kama sipo, ufunguo uko palepale, chini ya chungu kilichovunjika, nyuma ya banda la kuku."

Mungu wangu! Ukumbi mzima, pamoja na mwizi kama alikuwamo, ukajua ufunguo wa Bibi unakaa wapi. Nikaanza kukimbia kurudi kwenye mixa, nikaruka waya, nikamkanyaga mwenyekiti wa kamati.

"Na huyo mama mkwe wako, namwona ni mtu wa mwili. Usimwogope. Ila usibishane naye ukiwa na njaa."

Nilipofika, mjomba naye ameshaelewa, mkono wake uko kwenye kitufe anataka kushusha. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa amefumba macho, keki imemdondokea kwenye gauni, na uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu kijana aletwe, umekunjuka wote. Nikaukamata mkono wa mjomba. "Acha," nikamwambia. Mimi, kumwambia mjomba acha! Akaacha.

Mama mkwe akasimama. Kweli ni mtu wa mwili. Alivuka ukumbi polepole. Wajomba zangu wengine walishaanza kuvua makoti. Alipofika mbele ya Bibi akapiga magoti pembeni ya mdogo wangu, kwa shida, ameshikilia meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bibi akaitikia, na spika zikaitikia.

"Mimi pia niliolewa mbali, mama. Nami niliambiwa nivumilie. Huyu akipata shida kwangu hatarudi peke yake. Nitamleta mimi mwenyewe. Gari lisipokuwepo nitaupanda huu mlima kwa miguu, na mwili wangu huu. Mwanangu nitamwacha hukohuko, alale na ng'ombe."

Watu wakacheka, wengine wakapiga vigelegele, na bwana harusi akawa anaitikia kwa kichwa haraka haraka. Vigelegele hivyo Bibi alivisikia. Akageuka, akaona ukumbi mzima unamtazama, akayatazama yale maua.

"Kumbe mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Na wa nje?"

"Tumesikia, Bibi!" wakaitikia wapishi kutoka kwenye masufuria yao.

Nikafikiri sasa Bibi ataniita, na siku hiyo ningekiona. Badala yake akaushika mkono wa mdogo wangu, akaufuta keki kwa ncha ya kitenge chake, kidole kwa kidole, akauweka juu ya mkono wa yule mama.

"Mchukue," akasema.

Mdogo wangu, ambaye hakulia siku ya mahari wala siku ya kufungasha, akaangua kilio pale pale mbele ya maua, kikatoka kwenye spika zote, na mimi sikugusa kitu.