Mashine ya Kumrudisha Mwanangu

Mume wangu alizama Ziwa Rukwa kwa sababu mikono yake ilichoka. Ndivyo mvuvi mwenzake alivyotueleza msibani. Upepo uliwakuta ziwani, wakapiga kasia mpaka mikono ikakataa, mtumbwi ukajaa maji. Mwenzake alishika ubavu wa mtumbwi, akaokotwa na wavuvi wengine, nao wakauvuta mtumbwi hadi kambini. Mume wangu alipatikana baadaye. Tulimpandisha huku juu Mbozi, tukamzika kando ya kahawa.

Kwetu mkulima akifa, jembe lake linawekwa juu ya kaburi. Yeye jembe alikuwa ameliacha miaka mingi, basi ndugu zake wakateremka hadi kambi ya wavuvi, wakachukua makasia yake yote, wakayavunja na kuyaweka kaburini. Hakuna aliyefikiri kwamba mtumbwi utabaki bila kasia. Sisi watu wa milimani hatuna mawazo ya mitumbwi. Ukabaki kule mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, umepinduliwa kifudifudi, na mimi nilifurahi. Nilitaka uoze.

Matanga yalipokwisha, mwanangu akaja jikoni. Ndiye mtoto wa kiume pekee niliyenaye.

"Mama, nataka kushuka ziwani. Mtumbwi bado mzima."

Nikasukuma kuni motoni.

"Sitakwenda na kasia. Nataka mashine."

Kahawa yetu imezeeka, shamba limegawanywa mpaka limekuwa jembamba kama kamba, na yeye ana mke na mtoto mchanga. Nilitafuta jambo la kumwambia akafanye badala ya ziwa, nikalikosa. Nikamwambia kama ni mashine, nitakwenda kuichagua pamoja naye.

Tulikwenda Tunduma watu watatu: mimi, mwanangu, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ana mashine ya kusaga mahindi na kwa hiyo anajiona anazijua mashine zote. Duka lenyewe lilikuwa uani, nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Mashine za boti zilikuwa zimening'inizwa kwenye boriti, vichwa juu na miguu chini, kama mbuzi waliochunwa. Muuzaji alikuwa mtu wa upande wa Zambia.

"Mulishani, mayo?" akanisalimu, yaani hujambo mama.

"Bwino," nikajibu. Kibemba changu kinaishia hapo.

Shemeji hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine kubwa kuliko zote, akaipiga kofi mgongoni.

"Hii hapa. Shemeji, usinunue mashine ndogo. Mimi ya kusaga nilianza na ndogo, ikapasuka msimu wa kwanza."

"Mzee," muuzaji akasema, "mnakwenda kuvua samaki au kuwasaga?"

Vijana waliokuwa pale wakacheka. Shemeji naye akacheka, ila mkono hakuuondoa. Muuzaji akatueleza kwamba uzito ule ukiuweka nyuma ya mtumbwi mdogo, mkia utazama na pua itatazama mbinguni. Akatutoa pale, akatupeleka kwenye mbili ndogo, moja ya nguvu za farasi tano na nyingine ya nane.

"Ubao wa nyuma wa mtumbwi wenu, wa kufungia mashine, una kimo gani?" akauliza.

Tukatazamana. Hatukuwa tumepima. Akasema lazima ajue, kwa sababu mashine nyingine zina mguu mrefu na nyingine mfupi. Mguu mrefu kwenye ziwa lenye kina kifupi kama Rukwa utalima tope. Mwanangu akampigia simu fundi aliyeuunda mtumbwi, akaweka sauti kubwa ili wote tusikie.

"Ule ubao ni mkono mmoja," fundi akasema. "Kiwiko mpaka kwenye fundo la ngumi."

"Mkono wa nani?" muuzaji akauliza.

"Wangu! Kwani niliunda na mkono wa jirani?"

"Wewe ni mrefu au mfupi?"

"We bwana, unataka kunioa?"

Hata mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mwanangu akasema fundi huyo ni mfupi, analingana nami. Basi nikanyoosha mkono wangu, nikakunja ngumi, muuzaji akaweka futi ya chuma kuanzia kwenye kiwiko. Akasema mguu mfupi unatufaa.

Zote mbili zilikuwa na mguu mfupi. Akaziwasha moja moja ndani ya pipa la maji. Akanionyesha maji yanayochuruzika kwa nyuma kama uzi.

"Mayo, angalia inavyokojoa. Ikikojoa ni nzima, inajipoza. Ziwa lenu lina tope, na tope linaziba njia ya maji. Kijana wako akiona haikojoi, azime hapo hapo, asafishe."

Nilimsikiliza vizuri. Kisha nikaonyesha ile ya farasi tano.

"Tuchukue hii."

"Mama, kwa nini?" mwanangu akauliza. "Kahawa tuliyouza Mlowo inatosha hata hii nyingine."

Ningeweza kusema inakula petroli kidogo, au ni nyepesi kubeba. Yote yalikuwa kweli, lakini hayakuwa sababu yangu. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Kwa sababu hii haitakufikisha mbali."

Muuzaji akachukua kitambaa akaanza kufuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. Shemeji akatazama malori.

Mwanangu akachutama karibu na pipa. Alisema taratibu, bila hasira.

"Mama, baba hakuwa mbali."

"Nani kasema?"

"Mwenzake. Waliona moshi wa kambi. Walipiga kasia wakiutazama, na upepo ukawa unawarudisha nyuma. Hakutaka kukuambia wewe."

Tangu mazishi nilikuwa nikimwona mume wangu katikati ya ziwa, mahali pasipo na kitu, na picha hiyo nilikuwa nimeizoea. Sasa ikabidi nimwone akitazama moshi wa watu wanaopika. Niliomba kiti. Kijana mmoja akaniletea ndoo, nikakaa juu yake, na wote wakaningoja.

Niliiangalia mashine ndogo. Ingeweza kumzuia asifike mbali, lakini siku ya upepo ingemwacha pale pale alipoachwa baba yake. Ile ya nane ingemrudisha, na mashine inayoweza kumrudisha mtu kutoka mbali ndiyo hiyo hiyo inayompeleka. Nilitafuta ya tatu kichwani mwangu. Haipo.

"Ya nane," nikasema.

"Mama, una uhakika?"

"Sina. Ifungeni tuondoke."

Tuliifunga ndani ya blanketi. Mimi nilishuka Mlowo na shemeji, mwanangu akaendelea nayo na gari la kwenda Kamsamba. Sikwenda kuona ikifungwa kwenye mtumbwi. Sijakwenda mpaka leo.

Anavua. Nyumbani kwake kunapikwa, na mtoto amenenepa. Wiki iliyopita aliniambia kwamba sasa anatupa nyavu mbali kuliko baba yake alivyowahi kufika, kwa sababu mashine inafika. Hakunificha, nami sikumlaumu. Akiwa ziwani simu haishiki, kwa hiyo hunipigia akifika nchi kavu. Juzi upepo ulivuma hapa tangu mchana, ukaangusha matawi ya kahawa. Najua upepo wa huku si lazima uwe wa kule, lakini nilikaa na simu mapajani. Alipiga jua likizama.

"Ulirudi kwa mashine au ulivutwa?" nilimuuliza.

"Kwa mashine, mama."

"Ilikuwa inakojoa?"

"Inakojoa vizuri."

"Kesho unakwenda?"

"Nakwenda."

Nikamwambia alale mapema.