Sanduku la Ami Sleyum

Wewe umewahi kumwonea binamu yako wivu kwa sababu ya sahani za santuri? Mimi namwonea Wael.

Sahani ni za Ami Sleyum, karani mstaafu wa wizara hapa Al Khuwair. Alipokuwa akisoma Uingereza alinunua nyimbo za vikundi ambavyo Waingereza wenyewe walivipuuza, zilizotolewa na kampuni ndogo za vijana waliobandika majalada kwa mikono yao chumbani. Mimi ndiye niliyezifufua! Mimi ndiye ninayeandika mtandaoni kwamba vijana wale waliwashinda matajiri wa muziki.

Sasa Ami anahamia Qurayyat kwa bintiye, na sanduku la sahani hizo anamwachia mmoja wetu. Jana alituita, akaweka sahani moja icheze, akatumiminia kahawa. Nilikuwa nikimweleza Wael habari za kampuni iliyoitoa sahani ile, basi dele la kahawa liliporudi nikakitikisa kikombe kuonyesha imenitosha, nikaendelea kusema.

Ami akanyanyua sindano ya santuri, wimbo ukakatika. "Mgeni keshatosheka."

"Ami, nimekataa kahawa tu!"

"Kwangu kahawa na nyimbo ni kitu kimoja, na wajua. Mwenzio anakunywa, anasikiliza."

"Hata jina la kikundi halijui!"

"Nlikuwa nangojea unyamaze, kaka, nsikie wimbo," alisema Wael, akakinyoosha kikombe chake kiongezwe.

Leo asubuhi, kutoka dirishani, nilimwona Ami akilifunga sanduku mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari la Wael. Yeye mwenyewe akaketi nyuma.