Siku Nilipolilia Msiba Uliokwisha

Nililia msiba uliokwisha. Tena si kulia kwa machozi mawili matatu. Nililia kwa sauti tangu barabarani, mikono kichwani, kanga moja kiunoni na nyingine imeshadondoka huko nyuma, na nilipofika uani kwa wafiwa nikajitupa chini. Nilipoinua uso nikaona miguu ya watu, na miguu ile ilikuwa katikati ya kucheza ngoma.

Nijitetee kidogo. Mimi ni mtu wa ndani. Cherehani yangu iko chumbani, choo kiko uani, mkaa naletewa. Sasa nitoke niende wapi? Pale mtaani kwetu Katubuka walikuwa wakisema nikionekana sokoni basi watu waanue nguo, mvua inakuja. Miaka ile wakimbizi walikuwa wakivuka ziwa makundi kwa makundi, mtaa ukajaa Warundi na Wakongo, na wengi wao nilivijua viuno vyao kabla ya majina, kwa sababu ya kushona. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara alikuwa mmoja wao, mama Mrundi aliyekuja na mumewe na watoto. Mumewe alipofariki nilikwenda mazikoni, ila matanga sikulala hata usiku mmoja. Nilisema nina kichwa. Kichwa kweli ninacho, lakini hakikuwa kinauma.

Jambo hilo likawa linanisuta. Asubuhi moja, muda mrefu baadaye, nikaona wanawake wanapita na vyungu kuelekea kwake. Nikamwuliza mmoja kupitia dirisha, kuna nini?

"Shughuli ya marehemu," akajibu, akapita zake.

Nikasema haya, hii ndiyo nafasi yangu ya kujisafisha. Kwetu Waha mwanamke haingii msibani kimya kama anayekwenda kuazima chumvi. Unaanza kulia njiani, wafiwa wakusikie. Nikafanya mazoezi kidogo chumbani, sauti ikakubali, nikatoka.

Laiti ningeuliza swali la pili! Kwa wale jirani zangu kuna siku ya kuufunga msiba, wenyewe wanaiita kuganduka. Kabla ya siku hiyo mfiwa hagusi jembe. Siku yenyewe ikifika watu wanakunywa pombe ya ndizi, wanacheza, kisha mjane anapewa jembe, anapiga ardhi, maisha yanaendelea. Mama yule aliisubiri siku hiyo kwa shida. Mvua zilishaanza, mahindi ya wenzake huko Kidahwe yalishaota, shamba lake lilikuwa nyasi tupu, na watoto hawali nyasi. Ndugu za mumewe, ambao ndio wangemfungia msiba, vita iliwatawanya na hakuna aliyejua walipo. Ikabidi awabembeleze wazee wa Kirundi wa mjini mpaka wakakubali kusimama mahali pao. Jembe lilikuwa limeshaletwa, mkono wake umeshashika mpini, ndipo nikaingia mimi.

Ngoma ikanyamaza. Jembe likamponyoka. Wazee wakainamiana kunong'ona, na kwa kuwa Kirundi na Kiha ni ndugu, nikaelewa yanayonihusu: kilio kikisikika siku ya kuganduka, msiba umerudi ndani. Itabidi kusubiri tena.

"Mpaka lini?" mama akauliza, macho yake kwangu. "Mpaka mvua ziishe?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Badala yake alinijia bibi mmoja wa Ujiji, Mwislamu, mjane mwenzake na rafiki yake mkubwa, aliyekuja na birika lake la chai kwa sababu pombe haramu kwake.

"We binti, nani kakutuma? Mimi nimekaa eda na hakuna aliyenipigia kelele hizi, hata siku mume wangu yumo ndani hajazikwa. Marehemu anataka dua, hataki king'ora!"

"Shikamoo, bibi," nikasema, palepale chini.

"Shikamoo ya nini? Inuka!"

Sikuwahi kuinuka. Mnyamwezi anayeniletea mkaa, jirani wa nyuma ya nyumba yangu, aliruka kutoka kwenye benchi. Wanyamwezi ni watani wetu Waha, na mtani kwenye msiba anaruhusiwa mambo ambayo mwingine akiyafanya atapigwa.

"Wazee wangu, ngojeni! Kilio hiki si cha marehemu wenu. Huyu Muha amekufa, anajililia mwenyewe. Nani amewahi kumwona nje akiwa hai?"

"Hakuna!" wakajibu majirani wote. Wote!

"Na leo yuko nje. Kwa hiyo ni maiti, imetolewa. Leteni mkeka!"

Nikaviringishwa kwenye mkeka, nikabaki uso tu, tena umepakwa majivu. Mtani akaanza kuomboleza, kamasi za uongo zinamtoka. Wanawake wakaitikia.

"Marehemu alinishonea gauni," mmoja akalia, "mkono mmoja mrefu kama mto Malagarasi!"

"Na kanzu ya mjukuu wangu kaenda nayo ahera," akaongeza bibi wa Ujiji, yeye ambaye dakika ile ile alikuwa hataki kelele.

Mzee mmoja wa Kirundi akakohoa kicheko. Akatazamana na wenzake, akatamka polepole kwa Kiswahili chake: "Kama kilio ni cha huyu, basi si chetu."

Mama alikuwa ameshika tumbo, anacheka huku machozi yanamtoka, na tangu mumewe afariki sikuwa nimeuona mwanya wake. Akaokota jembe.

"Nipisheni," akasema, "huyu namzika mimi."

Akalipiga ardhini, shubiri moja kutoka miguuni pangu. Udongo mbichi ukanirukia mpaka mdomoni. Vigelegele vikapanda, ngoma ikarudi, na mimi nikajifungua mwenyewe mkekani maana hakuna tena aliyenikumbuka. Nilicheza siku hiyo mpaka magoti yakakataa. Kesho yake alfajiri mama alipita dirishani kwangu, jembe begani, anaelekea Kidahwe.

Lakini kabla hatujaachana jioni ile, mtani alinikuta najikung'uta majivu, akaniambia mbele za watu: "Siku ukifa kweli, Muha, usitusumbue. Sisi tumeshakulia, na pombe imekwisha."