Ng'ombe wa Séraphin

Kijiji kizima cha Praveyre, kule milimani, kilimdharau Séraphin, lakini hakuna aliyeifanya kazi hiyo kwa bidii kama jirani yake, Philomène. Wengine walimdharau Jumapili tu, wakitoka kanisani. Philomène alianza alfajiri, akitoka zizini na ndoo ya maziwa, alipomwona mzee wa watu ng'ambo ya uzio akimpiga brashi ng'ombe wake mweusi, Baronne, kama bibi harusi.

"Mpake na wanja, basi!"

"Wewe kamua hao mbuzi wako wenye ukurutu," Séraphin alijibu bila kugeuka. "Siku ya kupanda na ng'ombe malishoni utanyamaza."

Philomène alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja, mwenye mbuzi watano na goti bovu. Starehe zake hazikuwa nyingi: mkate mweusi uliochovywa kwenye maziwa ya moto, nyama kavu iliyokatwa nyembamba, na theluji ikiporomoka kutoka paani mwezi wa tatu. Lakini iliyozidi zote ilikuwa kumkuta mtu akifanya upumbavu, na hapo Séraphin hakuwahi kumlaza njaa. Alikuwa amegawa barua miaka thelathini, kisha akastaafu na kujifunza ufugaji kwenye magazeti. Tangu amnunue Baronne, ng'ombe wa ukoo wa wapiganaji, hakuwa na habari nyingine. Alimlisha shayiri iliyolowekwa kwenye mvinyo. Alimwimbia, tena vibaya.

Siku ya kupanda malishoni ikafika, katikati ya mwezi wa sita. Ng'ombe wa nyumba zote hukutanishwa kwenye malisho ya juu, na kwa kuwa hawajaonana majira yote ya baridi, hupigana pembe kwa pembe mpaka mmoja awe malkia. Hakuna anayewachochea. Watu hukaa majanini na chupa za mvinyo mweupe, wakitazama na kusengenyana.

Séraphin alikuja na kofia mpya. Baronne alitembea hadi katikati ya uwanja, wenzake wakampisha. Séraphin akasimama. Baronne akanusa nyasi, akazunguka mara moja, akalala chini na kuanza kucheua.

Ng'ombe wa Onésime, mwoka mikate, akaja akamsukuma kwa pembe. Baronne akamtazama kama mgeni aliyekosea mlango, kisha akafumba macho.

"Anapanga mbinu," Séraphin akawaambia watu.

"Anapanga usingizi!" akasema Philomène.

Kicheko kikalipuka. Séraphin akaingia uwanjani mwenyewe, akapiga magoti mbele ya pua ya ng'ombe. "Amka, mama! Amka, malkia wangu!" Baronne akafumbua jicho moja, akatoa ulimi, akaichukua ile kofia kichwani na kuanza kuitafuna taratibu. Ng'ombe wa Onésime ndiye aliyetawazwa.

Philomène alilisimulia jambo hilo kwenye duka la mikate, kisimani, na hata kwa padri, ambaye alikuwepo malishoni. Siku nne dirisha la Séraphin halikufunguliwa. Siku ya tano Philomène alitoka na ndoo, akageukia uzio, akafungua mdomo, akakumbuka hakuna mtu. Akawatukana mbuzi, lakini mbuzi hawajui kukasirika.

Jioni akachukua nusu ya jibini na viazi, akaupiga teke mlango wa jirani. "Fungua, kabla jibini haijaota miguu!"

Séraphin alifungua, ndevu zimemjaa. "Umekuja kucheka."

"Nilishacheka, nimemaliza. Leo nimekuja kula."

Wakaiweka jibini mbele ya moto, wakawa wanaikwangua juu ya viazi kila ilipoyeyuka. Séraphin akameza kiazi cha pili, akasema, "Alikuwa na mafua."

"Nani?"

"Baronne."

Philomène akaweka uma chini. "Mgonjwa gani anamaliza kofia nzima, na utepe wake?"

Mabega ya Séraphin yakatikisika. Philomène alidhani analia, kumbe anacheka, mpaka kiazi kikampalia. Alipopata pumzi akasema, "Nilijua hapigani. Nimejua tangu mwaka jana."

"Sasa ulimpeleka kufanya nini?"

"Ungenicheka kama ningemwacha zizini."

"Si nimekucheka hivyo hivyo, mjinga wewe!" Akamwongezea jibini, ile sehemu iliyoungua pembeni ambayo kwa kawaida hampi mtu.

Asubuhi walikuwa kwenye benchi la Philomène, wakimenya viazi vya kuwachemshia mbuzi walioumwa tumbo usiku, Onésime alipopita na kengele ya ushindi kwapani. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo, na duka lake halikuwa njia hiyo.

"Mtazame anavyotembea," akasema Philomène.

"Utadhani alipigana yeye," akasema Séraphin.

Philomène akasogea kidogo, jirani yake akae vizuri.