Majani ya Mmoja, Maua ya Mwingine

Saa moja asubuhi, Modesta Mashimba amepiga magoti kati ya mawe mawili makubwa kilimani Ilemela, vidole vikishuka na shina jembamba la mmea unaotambaa. Anaanzia kwenye maua meupe, anafika mzizini, ndipo anatoa kisu.

"Wengine wanakata walichokiona," anasema. "Mimi nalifuata shina kwanza. Ua linadanganya."

Modesta, miaka 56, amewaongoza watafiti wa mimea kwa miaka kumi na tisa, kwa ujira wa shilingi 15,000 kwa siku. Leo hakuna aliyemwita. Amepandishwa na hasira zake.

Kichaka hiki kimoja kimeparamiwa na mimea miwili inayofanana kama mapacha: maua yale yale, mbegu zile zile zenye mikia ya manyoya. Tofauti iko kwenye majani. Mmoja jani lake ni laini pande zote. La mwingine limejaa manyoya kwa chini, ukiligusa utadhani sikio la ndama. Huo wa manyoya, Modesta ameutafuta hadi Nansio, hajauona kwingine.

Mwezi uliopita walikuja wataalamu kukagua kilima kabla hakijapasuliwa kokoto. Wakakata maua upande huu, majani upande ule, wakayabana pamoja ndani ya gazeti. Maua yalikuwa ya mmea wa manyoya, majani ya mwenzake. Ripoti ikasema: mmea mmoja, wa kawaida, upo kila mahali.

Modesta alikuwepo, na aliwaambia palepale walipokuwa wakikata. Kiongozi wao, Severine, kijana mwepesi wa shikamoo lakini mwenye masikio ya mapambo, akamjibu: "Mama, sisi tumesomea haya."

"Umesomea, sawa. Shina ulilishika?" Modesta bado anamjibu, ingawa hayupo. "Umemvika ng'ombe pembe za mbuzi, halafu unaandika mbuzi hakuna."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Safari hii kitakachovunjika ni kilima, na guu la Severine litabaki zima. Mashine zinaanza Jumatatu.

Modesta anakata tawi moja, jani na ua kwenye shina lile lile, analifunga kwa kanga iliyolowa. Kesho kuna mkutano wa kata, na Severine atakuwepo.

"Nitampa mbele ya watu, apapase chini ya jani."

Na akikataa?

"Jumatatu watanikuta nimekaa hapa, juu ya mzizi," anasema. "Waandike basi na Modesta yupo kila mahali."