Maneno Yangu juu ya Michezo Mitatu

Mwalimu Cephas Maranga alichukua maneno yangu juu ya michezo mitatu ya kuigiza, akayachapisha gazetini kwa jina lake, na niliyosema juu ya mchezo wa tatu akayageuza yakawa kinyume. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema jambo jingine.

Mimi ni Priscah, mzaliwa wa Kisegi, niliyeolewa Homa Bay na nikafiwa Homa Bay. Kazi yangu ni kufagia ukumbi wa jamii ulio nyuma ya soko na kutunza ufunguo wake. Nimeifanya miaka kumi na tisa. Watu huniita nyar Kisegi, binti wa Kisegi, maana kwetu mwanamke huitwa kwa mahali alikotoka hata akizeekea kwingine.

Sikupelekwa shule. Mama yangu alikuwa akianika omena kwenye mchanga, na mimi nilikuwa wa kufukuza ndege. Ukikaa na kazi hiyo tangu asubuhi, jua likipiga juu ya samaki wale wadogo wanaometa, macho hujifunza kutulia mahali pamoja bila kuchoka. Nafikiri nilijifunza kutazama mchezo pale, kabla sijauona mchezo wowote.

Bati la ukumbi wetu lina matundu. Inapofika saa tisa mchana jua hupenya na kuweka madoa ya mwanga sakafuni, nayo madoa hutembea polepole kuelekea jukwaani. Mimi hufagia nikiyafuata. Watu hudhani mchezo huisha waigizaji wakishainama na kupigiwa makofi. Hauishi. Hubaki ndani kama moshi wa jikoni unavyobaki katika nguo. Mara nyingi nimesimama na fagio mkononi, ukumbi mtupu, nikimwona mtu aliyekufa katika sehemu ya pili ya mchezo akipita nyuma ya viti bila haraka, akitafuta mlango.

Mwaka jana, kuanzia Mei hadi Agosti, tulipata msimu ambao sikuwahi kuuona. Kila Jumamosi mchana kulikuwa na kikundi: wengine na michezo mipya, wengine na ya zamani iliyofufuliwa. Mwalimu Cephas alikuja karibu kila mara. Anafundisha sekondari, hupiga shati lake pasi mpaka mikono iwe na makali, na hukaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Kabla ya mwisho huwa ameshaondoka, ameitiwa boda boda. Kisha Jumatatu, kabla ya kengele ya shule, hupita ukumbini.

"Nyar Kisegi, umeamkaje?"

"Nimeamka, mwalimu. Chai iko kwa chupa."

"Haya niambie. Juzi uliona nini?"

"Kwani wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo, lakini kichwa kilikuwa na mambo. Wewe ndiye macho yako hukaa mpaka mwisho."

Nilipenda kuulizwa. Nakiri hilo. Tangu mume wangu afe hakuna mtu aliyekuwa ameketi mbele yangu akasubiri nimalize sentensi. Alikuwa na kijitabu, akiandika huku anakunywa chai, na nilipouliza anaandika nini alisema ni mambo ya ofisi ya utamaduni, wanataka kujua wananchi wanapenda michezo gani.

Kwa hiyo nilimwambia.

Mchezo wa kwanza uliitwa Maji Yaliyorudi. Akina mama wa kanisa waliuigiza mara ya kwanza nilipokuwa mgeni katika kazi hii, na sasa ulikuwa umefufuliwa. Ziwa linapanda na kuingia kwa mjane, naye anakataa kuhama. Zamani ziwa lilikuwa shuka mbili za buluu zilizovutwa na akina mama wawili waliopiga magoti. Mwaka jana walileta mashine ya kumulika picha, na mawimbi makubwa yakajaa ukutani, yenye povu. Watu walishangilia. Mimi nilimwambia mwalimu: "Yale maji ya mashine hayakumlowesha mtu. Zamani shuka ilipofika miguuni, yule mjane aliinua pindo la gauni lake bila kujua, na sisi tuliokaa mbele tukainua yetu. Huyu wa sasa alisimama katikati ya ziwa akiwa mkavu. Sauti yake ni nzuri kuliko ya yule wa kwanza, lakini anaimaliza yote mapema, na nyumba inapozama hana alichobakisha."

Mchezo wa pili ulikuwa mpya, Ng'ombe wa Kaka. Aliuleta Mniko, Mkuria kutoka upande wa mpakani, akauigiza peke yake. Mtu ameibiwa ng'ombe, anawafuata siku mbili, anawakuta katika boma la ndugu yake. Mniko hakuleta ng'ombe wala picha yao. Alikuwa na mluzi tu, na mkono uliopita hewani kwa urefu wa mgongo wa ng'ombe, akiwatambua mmoja baada ya mwingine. Nilimwambia mwalimu kwamba mahali pamoja tu alikosea, alipotangaza kwa kinywa kuwa amemsamehe ndugu yake, ilhali ule mkono ulikuwa umeshasema. Kisha nikamwambia jambo ambalo nusura nione haya kulisema: "Watu walipotoka nikaanza kufagia, na nikajikuta nazunguka ile kona ya kushoto. Sikuifagia. Ng'ombe walikuwa wamelala pale."

Mwalimu aliacha kuandika akanitazama. "Rudia hiyo," akasema.

Nikarudia.

Mchezo wa tatu uliitwa Miwa, mpya pia, wa kikundi cha Uriri. Mwanamke amekata miwa yake yote na anangoja lori lije kuichukua, lakini lori haliji. Vijana waliocheza wakataji walikata kama watu wanaoua nyoka, na hilo nililisema. Lakini mwanamke mwenyewe aliigizwa na binti anayeitwa Metrine. Mwishoni aliketi juu ya mzigo wa miwa, akatazama barabara, akanyamaza. Alinyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Huyu amesahau." Hakuwa amesahau. Alikuwa anapumua polepole, kwa mdomo ulio wazi kidogo, na vidole vyake vilikuwa vinachuna ganda la muwa bila yeye kuviangalia. Mimi nilisikia miwa ikikauka. Nilisikia kabisa, kama ninavyosikia sasa kuku hapo nje, na madoa ya mwanga yalikuwa yamefika miguuni mwake, na kwa muda sikujua kama niko Homa Bay au katika shamba fulani ambalo halina mwisho.

Nilimwambia mwalimu kwamba kile kimya ndicho kitu bora zaidi nilichokiona katika ukumbi ule kwa miaka yangu yote. Yeye alikuwa ameondoka kabla ya kimya kuanza.

Sasa, mwezi wa sita nilikuwa nimejiunga na ngumbaru, masomo ya watu wazima kanisani, alasiri mbili kwa wiki. Mwalimu wetu ni Linet, mama mdogo kuliko mimi, mpole, anayepiga chaki mezani mtu akisinzia. Mpaka Agosti nilikuwa naweza kusoma, pole pole, nikiweka kidole chini ya neno. Alasiri moja Linet akaleta kipande cha gazeti, lile la kila wiki linalosomwa kutoka Migori mpaka Oyugis.

"Leo tusome kitu cha hapa kwetu," akasema. "Mama Priscah, wewe ni mtu wa ukumbi. Anza."

Nikaweka kidole. Nilisoma kwamba maji ya mashine hayakumlowesha mtu. Nilifurahi, kwa jinsi mpumbavu anavyofurahi, nikidhani kuna mtu mwingine mjini aliyeona nilichoona. Nikaendelea. Nilisoma: nilipotoka ukumbini nilizunguka kona ya kushoto, kwani ng'ombe walikuwa wamelala pale. Kidole changu kilisimama. Mtu anayetoka kwenda mlangoni hapiti kona ya kushoto. Hakuna anayefika kona ile isipokuwa anayefagia.

"Endelea, mama," Linet akasema.

Niliendelea. Juu ya Miwa iliandikwa kwamba mwigizaji mkuu alisahau maneno yake mwishoni, akaketi akiwakodolea watazamaji macho, na kwamba kikundi cha Uriri kirudi kikajifunze. Chini kabisa lilikuwa jina la Cephas Maranga. Nilisoma jina hilo vizuri kuliko neno lolote nililowahi kusoma.

Jumatatu nilimngoja. Sikutia chai.

"Mwalimu, nimesoma gazeti."

"Wewe?" Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Hongera, nyar Kisegi. Ngumbaru imezaa matunda."

"Yale ni maneno yangu."

"Maneno ni hewa, mama. Ulikuwa unayasema, yanapotelea hapa kwenye vumbi. Mimi ndiye niliyeyakalisha chini."

"Na Metrine? Mimi nilisema alisahau?"

"Mtu mmoja wa pale nyuma aliniambia kwa simu alisahau. Gazeti lilitaka pia pawe na lawama kidogo. Ukisifu kila kitu husomwi."

"Uliondoka kabla hajaketi."

Akaangalia saa yake. "Ungetaka niandike nini, 'alivyoniambia mfagiaji'? Nani angesoma?"

Akaenda shuleni. Wiki iliyofuata Pauline, anayekaa mlangoni kuwapokea watu, aliniambia kwamba Metrine ameacha kikundi. Yuko dukani kwa shangazi yake Uriri, na akiulizwa juu ya mchezo husema hajui mchezo gani.

Nilitaka maneno yangu yarudi kwangu, yakiwa jinsi nilivyoyasema. Hilo tu. Nikawaza namna ya kulipata, na nikachagua vibaya.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti msimu ulifungwa uwanjani mbele ya ukumbi, mchana, kwa ngoma ya ohangla. Ngoma ikipigwa kwetu, mtu yeyote anaweza kuinua mkono na kuisimamisha, akajitaja: yeye ni nani, ni binti au mwana wa nani, ana nini ambacho wengine hawana. Huitwa pakruok. Hata awe ombaomba, ngoma humngoja, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza mpaka amalize. Nikasema moyoni, hapa ndipo mahali. Mfagiaji atasikilizwa hapa kuliko ofisini.

Jacktone, fundi wa mashua, ndiye aliyetangulia. Alisimamisha ngoma akatangaza kwamba yeye ndiye ambaye ziwa humwomba ruhusa kabla ya kupiga mawimbi. Watu wakamshangilia, ngoma ikaendelea. Halafu nikainua mkono mimi.

Ngoma ikasimama. Vumbi lilining'inia katika jua na nyuso zote zilionekana mbali, laini, kama nyuso zinazoonekana chini ya maji. Sauti yangu niliisikia kana kwamba inatoka kwa mtu aliyesimama nyuma yangu.

"Mimi ni nyar Kisegi," nikasema. "Mimi ndiye macho ya ukumbi huu. Maneno yote mliyosoma kwa jina la Mwalimu Cephas yalitoka kinywani mwangu. Mimi ndiye niliyezunguka ng'ombe wa Mniko. Na Metrine wa Uriri hakusahau kitu. Aliyeandika hivyo hakuwepo."

Kwa muda mfupi nilidhani wameniamini. Halafu akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akanitupia kofia yake. Mwalimu Cephas alikuwa amesimama karibu na wapiga ngoma, naye alikuwa anapiga makofi kuliko wote, kichwa akikitikisa kwa furaha. Akainua mkono wake, maana ilikuwa haki yake pia.

"Na mimi," akasema, "ndiye yule ambaye hata mafagio ya Homa Bay humsomea gazeti."

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Ngoma ikaanza. Walinivuta katikati nicheze, na nilicheza, kwa sababu miguu haijui aibu haraka kama uso.

Baadaye nilimpata Linet kando ya ua.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama. Ulijisifu vizuri sana."

"Sikujisifu. Nilisema kweli."

Linet alinitengenezea kitambaa changu cha kichwa kilichoteleza. "Lakini mama," akasema, "hata Jacktone ametuambia ziwa ni lake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimepeleka kweli mahali ambapo kila mtu huenda kutia chumvi, na watu waliipokea kama walivyopokea ziwa la Jacktone: kwa makofi, kisha wakaisahau. Mtu akisema pale kwamba ameibiwa, amejisifu tu.

Septemba maandishi yale yalikusanywa yakawa kijitabu, na jina la mwalimu juu yake. Ninacho. Nakisoma nikimaliza kufagia, ukumbi ukiwa mtupu, kidole chini ya neno. Mahali pengine maneno yangu ni mazuri kuliko nilivyokumbuka, na hilo linauma zaidi. Ukurasa wa Miwa nausoma nikiwa nimeketi jukwaani, pale alipokuwa ameketi Metrine. Siku nyingine, jua linapofika hapo, namwona bado anatazama barabara, na vidole vinachuna ganda, na nataka kumwambia kwamba nilimsikia.

Mwalimu Cephas Maranga anadaiwa mambo mawili, na anayemdai ni mimi. Asimame ukumbini siku ya kawaida, bila ngoma, watu wakiwa wameketi, aseme kwamba yaliyoandikwa juu ya Maji Yaliyorudi na Ng'ombe wa Kaka ni maneno ya Priscah anayefagia. Kisha aende Uriri, kwa miguu yake, aingie katika duka lile, amwambie Metrine kwamba yeye aliondoka kabla ya mwisho, na kwamba aliyebaki alisema kimya kile kilikuwa bora kuliko yote. Mpaka leo hajafanya hata moja.